Asilimia 2 ya nini?

Mikopo ya asilimia 10, ambayo halmashauri za Tanzania huwapa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imerudi baada ya kusimamishwa mwaka 2023, na lawama zake zimerudi nayo. Katika hizo 10, wanawake wana 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Hiyo 2 ndiyo inayosemwa zaidi, hasa tangu kanuni zilipolegezwa na mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake, bila kikundi. Asiporejesha, atabanwa nani? Swali ni la haki. Vikundi hewa tumeviona, na fedha hizi zisizo na riba hutakiwa zizunguke zimfikie mwingine.

Ila anayetaka kikundi kirudi, akakiunde yeye kijijini. Kijana kiziwi aliyetoka shule ya bweni anarudi nyumbani ambako hata mama yake hajui Lugha ya Alama. Mwenzake wa kiti cha magurudumu yuko kata ya pili, na njia ni mchanga mtupu. Wa tatu haoni. Kila kikao, nauli ya bodaboda inatoka wapi? Ndipo majina huazimwa: biashara ni ya shangazi, kijana mwenye ulemavu ni wa kupigwa picha tu.

Kinachoninyima usingizi ni hiyo 2 yenyewe. Ni 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, tena vyanzo lindwa, yaani fedha zilizokwisha kupangiwa kazi maalumu, vikishaondolewa. Tuseme halmashauri ya vijijini imebakiwa na shilingi bilioni 1: fungu ni milioni 20, wilaya nzima. Ukikopesha milioni mbili mbili, ni watu kumi. Jiji lenye bilioni 50 linatenga bilioni nzima. Na hao kumi si vijana peke yao. Binti wa miaka 19 anayetafuta cherehani yuko foleni moja na mtu wa miaka 50 mwenye duka tayari.

Wapo wanaosema ufundi kwanza, mkopo baadaye. Nakubali nusu. Vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, kama Yombo jijini Dar es Salaam na Sabasaba mkoani Singida, vinahesabika kwa vidole, na cheti cha ushonaji hakishoni nguo.

Afisa maendeleo ya jamii akiona fimbo nyeupe ya asiyeona, mara nyingi mkono wake huenda kwenye fomu za fungu la 2. Fungu la vijana ni kubwa mara mbili, na aliyesimama mbele yake ni kijana.