Fei Toto, namba kumi na mzee wa kahawa

Kwenye baraza letu la kahawa hapa Mjini kuna mzee ambaye mpaka leo hajamsamehe Nasreddine Nabi, kocha Mtunisia aliyeifundisha Yanga. Kosa lake? Kumsogeza mbele kiungo wetu Feisal Salum, Fei Toto.

Mzee hayakatai mabao. Anachokililia ni yule kiungo aliyetoka JKU, klabu ya hapa Zanzibar, akavuka bahari kwenda Yanga mwaka 2018: anaufuata mpira kwa mabeki, anageuka nao, anawapita wawili, mara uwanja mzima umefunguka. "Viungo wa namna ile hawapatikani," husema. "Wafungaji hununuliwa."

Mwaka 2021 wakaja Khalid Aucho na Yannick Bangala. Hao wakalishika eneo la chini, Feisal akapandishwa namba kumi, karibu na mshambuliaji. Msimu huo wa 2021/22 Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Baadaye akahamia Azam, na msimu wa 2023/24 akafunga mabao 19 ya ligi, mawili nyuma ya Stephane Aziz Ki aliyemaliza na 21. Kwa kiungo, si haba.

Hapo wengi hufunga mjadala. Mimi nasita, kwa sababu mabao yanaonyesha alichopata na hayaonyeshi alichoacha. Tena namba kumi ni kiti ambacho klabu kubwa za Bara hukitafutia mtu nje: Clatous Chama Mzambia, Aziz Ki wa Burkina Faso. Ukikaa hapo mechi tatu hujafunga, watu wanaanza kunong'ona. Namba sita, kiungo wa chini mbele ya mabeki, anaweza kufanya kazi yake kimya msimu mzima na hakuna wa kumuuliza. Kwa hilo mzee ana hoja.

Ana na mfano wa Pirlo pia. Andrea Pirlo, kiungo wa Italia, alianza akiwa namba kumi, na mwaka 2001 kule Brescia, Carlo Mazzone akamrudisha chini mbele ya mabeki. Huko chini ndiko alikokuwa Pirlo tunayemjua, hadi Kombe la Dunia la 2006. Ila Pirlo alishushwa kwa sababu jicho lake la pasi lilihitaji nafasi na muda, na mbele havikuwapo. Gareth Bale alisogezwa kinyume chake, kwenda mbele: alifika Tottenham mwaka 2007 akiwa beki wa kushoto, mbio zile zikamtoa nyuma zikamfanya winga, na mwaka 2013 Real Madrid wakamchukua. Kila mmoja alisogezwa kuifuata silaha yake. Silaha ya Feisal ni shuti la mbali, na kwa namba sita shuti hilo lingepigwa mara moja moja, akibahatika.

Kinachonitia wasiwasi ni mabadiliko ya aina nyingine, yale ya kuziba pengo. Lugha yetu ya mpira inayo sifa yake: kiraka. Erasto Nyoni aliitwa hivyo kwa heshima kabisa, akacheza beki za pembeni, beki wa kati na kiungo, na akadumu miaka mingi. Lakini Nyoni alikuwa mtu mzima anayeijua kazi. Huku Unguja na Pemba naona watoto wa miaka kumi na minne wanaotolewa winga wakawekwa namba mbili, beki wa kulia, kwa sababu tu namba mbili hakuja, yuko skuli au baba yake kamchukua baharini. Wiki ya pili ni hivyo hivyo, na ikifika ya kumi hakuna anayekumbuka kwamba mtoto yule alikuwa winga. Nguo haichagui pa kutiwa kiraka.

Kwa Feisal, basi, nasimama na Nabi. Mzee hakubali. Juzi nilimuuliza: mwaka ule angekuwa yeye kocha, kati ya Aucho na Bangala angemweka nani benchi ili Fei abaki chini? Akaagiza kikombe kingine, na kashata.