Muuguzi akipiga simu, daktari apokee

Katika jimbo la Missouri, Marekani, muuguzi mwenye shahada ya uzamili anayepima, kutibu na kuandika dawa lazima awe na makubaliano ya maandishi na daktari. Kila baada ya siku 14, daktari huyo hutakiwa kupitia walau asilimia 10 ya kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa na muuguzi. New York ililegeza tangu 2015: muuguzi aliyefikisha saa 3,600 za kazi hahitaji tena mkataba wa maandishi.

Kwetu Dar es Salaam, asiye daktari kufanya kazi ya daktari si jambo geni kama linavyosikika. Madaktari wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa mafunzo bila shahada ya udaktari, walianza kufundishwa nchini miaka ya 1960, na akina mama wengi wamefanyiwa upasuaji wa kujifungua na mikono yao. Wauguzi wa CTC, kliniki za wanaoishi na VVU, wamewaanzishia wagonjwa ARV. Kazi ilishagawanywa zamani. Kinachobishaniwa ni nani anamlinda muuguzi, na nani anamlinda mgonjwa, mambo yakiharibika.

Madaktari wanaopinga wauguzi kuandika dawa wana hoja nzito, na sikubaliani na wanaoiita wivu wa kazi. Mtoto anayeletwa zahanati ya Mbagala na homa anaweza kuwa na malaria, nimonia au homa ya uti wa mgongo, na siku ya kwanza zote hufanana. Anayeikosea hiyo ya mwisho huenda asipate nafasi ya kurekebisha. Tena antibiotiki zinagawiwa hovyo kiasi kwamba vijidudu vinazizoea. Kuongeza waandikaji bila kuongeza mafunzo ni hatari.

Lakini mgonjwa naye hasubiri. Mama anavuja damu saa nane usiku, mkunga anajua cha kufanya, na daktari mwenye kutoa idhini simu yake haipatikani. Kanuni ikimfunga mkunga peke yake, hapo haimlindi mtu. Marekani kwenyewe, katika majimbo kadhaa, wauguzi humlipa daktari ada ya kila mwezi ili awe mshirika wao kwenye makaratasi. Saini imekuwa biashara, na usalama wa mgonjwa haumo ndani yake.

Mimi naegemea njia ya saa za kazi, kama ya New York: muuguzi aanze chini ya jicho la daktari, kisha uzoefu uliothibitishwa umfungulie mlango. Na aliyeongezewa jukumu aongezewe mshahara. Hili tunalipita haraka mno kila tunapozungumzia kugawana kazi.

Ila kabla ya yote, sheria yoyote tutakayoandika imbane daktari sawasawa na muuguzi. Itaje zamu ya nani, apokee simu ndani ya dakika ngapi, na nani achukue nafasi yake akiwa chumba cha upasuaji. Kisha kituoni kiwepo kitabu kinachoandikwa saa muuguzi alipopiga na saa alipojibiwa, na mganga mfawidhi akisome kila asubuhi.