Msimtoe binti kikundini mapema

"Ameshakuwa mkubwa, aachane na mambo ya kambi, ashike masomo." Kauli hii nimeisikia mara nyingi kutoka kwa wazazi wenye nia njema wanaotaka kumtoa binti yao Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, na kila mara huniuma. Binti ana miaka 13. Yaani anatolewa mti ukiwa ndio unatoa maua.

Wasichana hawakuburutwa kuingia Girl Guides. Mwaka 1909, kwenye mkutano wa maskauti wa kiume pale Crystal Palace, London, walijitokeza wenyewe na kudai nao waandikishwe. Mwaka uliofuata chama chao kikaanza.

Faida yake haiishii utotoni. Watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichambua taarifa za Waingereza karibu 10,000 waliozaliwa Machi 1958. Walipofika miaka 50, wale waliopitia skauti au Girl Guides, wanaume kwa wanawake, walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 15 wa kusumbuliwa na wasiwasi au sonona. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2016. Kilichonigusa zaidi ni kwamba miongoni mwao, pengo la afya ya akili kati ya waliokulia katika ufukara na waliokulia katika nafuu lilikuwa dogo.

Mimi naamini siri iko kwenye kile kikundi kidogo cha wasichana sita hadi wanane, ambacho kiongozi wake ni msichana mwenzao. Huyo ndiye anayegawa zamu za kupika na kuteka maji. Huyo ndiye anayeamshwa usiku hema likivuja, na asubuhi anapatanisha wawili walionuniana, kwa sababu bado watalala hema moja. Akishika pesa za kikundi, anatoa hesabu mbele ya wenzake. Mwanamke aliyeyazoea hayo hashtuki akikabidhiwa idara, wala haoni haya kusema "sikubaliani" kikaoni. (Mlezi anayewafanyia kila kitu anawanyima haya yote, hata awe mpole namna gani.)

Sasa tazama umri. Kwa kawaida uongozi huo humfikia msichana akiwa na miaka 13, 14 au 15. Anayetolewa kabla ya hapo anaondoka akiwa amejifunza kufunga mafundo na kuimba, lakini hajawahi kuongoza mtu.