Mwanafunzi wa PhD Dar apewe kamati na mpango ulioandikwa

Sheria ya Uswidi inataka kila mwanafunzi wa PhD awe na wasimamizi wasiopungua wawili, na awe na mpango wa masomo ulioandikwa kwa jina lake, unaopitiwa upya mara kwa mara. Masomo yenyewe ni miaka 4 ya kazi ya muda wote. Wengi wao ni waajiriwa wenye mshahara, na mwanafunzi akipewa vipindi vya kufundisha, visizidi asilimia 20 ya muda wake, kisha muda huo unaongezwa mwishoni. Akiugua muda mrefu au akijifungua, anaongezewa vilevile.

Sasa tuangalie Dar es Salaam. Mwanafunzi wa PhD ya baiolojia ya molekuli pale Upanga (MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili) au Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mara nyingi ni mhadhiri msaidizi. Asubuhi ana darasa, mchana anasimamia vitendo vya wanafunzi wa shahada ya kwanza, wiki za mitihani anasahihisha mpaka usiku. Utafiti unabaki Jumamosi, na seli ulizootesha haziijui kalenda ya mitihani. Mwaka wa tano ukifika bila tasnifu, lawama inamwangukia yeye, kwa sababu hakuna karatasi hata moja inayoonyesha saa zake zilikwenda wapi.

Ndugu zangu, hapo ndipo tofauti inapouma. Mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, ya Dar na ya Stockholm zinafanya kazi ileile: nyuzi 95, nyuzi 60, mara 40. Wanaozitumia Dar nao hawapungukiwi akili. Kinachopungua ni mpango, na watu zaidi ya mmoja wenye wajibu juu ya mwanafunzi mmoja. Hayo hayahitaji mfadhili.

Chukua kamati ya ushauri, jinsi vyuo vingi vya Ulaya vinavyoiendesha. Watu watatu nje ya msimamizi mkuu, mmoja wao awe wa idara nyingine kabisa, mtakwimu kwa mfano. Wanakutana na mwanafunzi mara moja kwa mwaka, kama saa mbili. Wiki moja kabla, mwanafunzi anawatumia kurasa nne au tano: swali la utafiti, kilichofanyika, kilichogoma, kinachofuata. Siku yenyewe anawasilisha kwa nusu saa, wanamhoji. Halafu inakuja sehemu ambayo kwetu ingeleta ukombozi: msimamizi anatoka nje, mwanafunzi anazungumza na kamati peke yake. Baadaye mwanafunzi anatoka, msimamizi naye anazungumza. Mwisho inaandikwa ripoti fupi, wote wanatia saini.

Kwa nini naling'ang'ania hilo la kutoka nje? Kwa sababu kwetu mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, na hiyo ni heshima ambayo sitaki ife. Lakini profesa akikaa na rasimu ya makala miezi saba, mwanafunzi hana pa kulisemea. Akilisema kwa mkuu wa idara ameshtaki. Akinyamaza muda unakwisha. Dakika 15 zilizowekwa kwenye utaratibu, kwa kila mwanafunzi na kila mwaka, zinaondoa maana ya kushtaki. Na siku za kusoma rasimu ziandikwe kwenye mpango: 14 kwa sura au makala, 21 kwa tasnifu nzima. Msimamizi akisafiri, wa pili anasoma.

Mpango mzuri unaingia kurasa nne. Uwe na makala tatu zinazotarajiwa na nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa kila moja. Uwe na tarehe za vibali: maadili, makubaliano ya kusafirisha sampuli kama zinatoka nje ya nchi, na nani ana haki ya takwimu zikisharudi. Uwe na saa za kufundisha kwa muhula. Halafu uwe na hesabu ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo tasnifu nyingi zinapokwama bila mtu kutambua.

Tuseme una sampuli 300 za kupima kwa PCR ya kupima wingi. Sahani ya kupimia ina visima 96. Kila kitu kinapimwa mara mbili, kwa hiyo nafasi ni 48. Toa mteremko wa viwango vitano vya kulinganishia, kisima cha maji matupu, kidhibiti chanya, na kidhibiti cha uchujaji wa vinasaba: nane zimekwenda, zimebaki 40. Sampuli 300 zinataka sahani nane, yaani vipimo 768. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya kurudia, unafika kama 920. Kila kipimo cha mikrolita 20 kinakula mikrolita 10 za mchanganyiko, jumla mililita 9.2. Basi agiza mililita 10 kwa mkupuo mmoja, za toleo moja la kiwandani. Anayegawanya 300 kwa 96 akaagiza sahani nne, atakwama katikati, aagize tena, asubiri wiki kadhaa, na nusu ya pili ya kazi ifanyike kwa toleo jingine ambalo halilingani na la kwanza. Mtahini akiuliza kwa nini viwango vilipanda mwezi wa Agosti, hana jibu.

Ulaya mara nyingi mwanafunzi hafanyi hesabu hii. Anabonyeza kwenye tovuti leo, kesho asubuhi boksi liko mlangoni. Ndiyo maana wapo wanaohitimu kwa heshima zote bila kujua gharama ya kipimo kimoja. Usomaji wa mpangilio wa vinasaba unafanywa na kitengo maalumu, mashine inatengenezwa na fundi wa mkataba, pipeti zinapelekwa kusawazishwa na mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo akirudi Dar anakuwa kama dereva asiyejua kubadili tairi. Hilo ni pengo la kweli la mafunzo ya huku Ulaya, na anayekuja kusoma aliombe kwa mdomo wake: nipeni miezi mitatu kwenye kitengo cha mashine, nipeni kuandika bajeti ya ombi moja la fedha, nipeni kukaa na anayeagiza vifaa.

Maana nyumbani utakutana na boksi la uwanja wa ndege. Barafu kavu iko nyuzi 78 chini ya sifuri, na ndani ya boksi la povu hupotea kama kilo 2 hadi 5 kwa siku. Mzigo ukitua Julius Nyerere Ijumaa jioni na karatasi hazijakamilika, Jumatatu unakuta povu na hewa. Hapo watu hutupa kila kitu au hutumia kila kitu, na yote mawili ni makosa. Praima zilizokaushwa, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, hazijadhurika, zingeweza hata kusafiri bila barafu. Kimeng'enya cha Taq, kile kinachonakili DNA, kikiwa kwenye gliseroli, mara nyingi huvumilia siku chache za joto: kijaribu kwa sampuli unayoijua, sambamba na chupa ya zamani. Kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA ni cha kutilia shaka zaidi. Bakteria walioandaliwa kupokea vinasaba, wale wa nyuzi 80 chini ya sifuri, wahesabu wamekwisha. Dawa ya yote haya ni kumwambia muuzaji apakie mzigo Jumatatu, nakala za vibali zimfikie wakala wa forodha kabla ndege haijaruka, na kila panapowezekana kununua mchanganyiko uliokaushwa usiohitaji baridi. Ukifika tu, gawa kwenye vichupa vidogo vya kazi ya siku moja, ili kukatika kwa umeme na kugandisha tena kusiue akiba yote.

Mwanafunzi aliyefunzwa Dar anayajua haya kwenye vidole. Anajua friza iliyojaa, mlango ukifungwa, inapoteza baridi polepole kuliko iliyo tupu. Anajua kubuni jaribio litakalotoa jibu hata likifanyika mara moja tu. Huo ni ujuzi wa kitaalamu, uandikwe kwenye wasifu wa kazi kama ujuzi, usiitwe kuvumilia shida.

Mpango wa kwenda na kurudi, ule wa nusu Uswidi na nusu Tanzania ambao MUHAS na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameutumia kwa miaka mingi, naupenda kuliko kuhamia moja kwa moja. Unamwacha mtu na familia yake na swali lake la nyumbani. Hatari yake ni moja: sampuli zinasafiri kwenda na majibu yanarudi, lakini ujuzi wa kuchambua unabaki huku. Uchambuzi wa mpangilio wa vinasaba hauna forodha. Unahitaji kompyuta, programu za Linux na R, na intaneti ya kufikia seva. Mtandao wa H3ABioNet ulianza mwaka 2016 kufundisha utangulizi wa fani hiyo kwa madarasa ya nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, mihadhara kwa intaneti na wasaidizi wakiwa darasani. Kwa hiyo kwenye makubaliano iandikwe kuwa uchambuzi wa angalau makala moja utafanyika Dar, na anayeufanya ni mwanafunzi.

Kuhusu ajira, nisiwadanganye wadogo zangu: ughaibuni si salama kiasi hicho. Baada ya PhD wengi wanaingia mikataba ya mwaka mmoja au miwili, wakihama mji kwa mji, na nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta. Nyumbani ngazi iko wazi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki. Ila miaka miwili au mitatu ya kufanya utafiti baada ya PhD bila mzigo wa madarasa haipo, au inategemea mradi wa mfadhili. Aliyehitimu Juni, Oktoba ana kozi nne. Makala yake ya mwisho inafia kwenye kompyuta. Idara ikimwachia muhula mmoja tu bila vipindi, makala hiyo inatoka, na ombi la kwanza la fedha linaandikwa.

Na chuo kisiwe mlango pekee. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wanapima vinasaba vya binadamu. TARI Mikocheni, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanafuatilia virusi vya batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Kuna maabara ya mifugo ya TVLA Temeke, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii kule Mabibo, TMDA wanaokagua dawa na vifaa tiba, na Taasisi ya Afya Ifakara tawi la Bagamoyo wanaoendesha majaribio ya chanjo za malaria. Waajiri wa namna hii wanahitaji mtu anayejua ubora unavyotunzwa: viwango vya kimataifa vya ISO 15189 kwa maabara za tiba, ISO 17025 kwa maabara za vipimo vingine, kanuni za uendeshaji bora wa majaribio ya tiba kwa Bagamoyo. Kozi fupi ya siku tano katika mwaka wa pili inatosha kuanzia. Mwaka wa nne umechelewa, una tasnifu shingoni.

Kwa anayejaza fomu mwaka huu, awe Muhimbili, Mlimani au Uppsala kule Uswidi: kabla hujakubali nafasi, omba kwa maandishi majina ya wasimamizi wote, saa za kufundisha kwa muhula, na nani analipia vitendanishi vya mwaka wa tatu. Profesa hatakasirika ukiuliza kwa adabu. Akikasirika, umeshapata jibu la namna mtakavyoishi. Na tarehe ya kikao cha kwanza cha kamati iwe imeandikwa kabla hujaanza mwaka wa kwanza.