Msiwarushe vitwitwi wa Misali

Anayeniuliza lini aende Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, humjibu: Oktoba. Ni tangambili, kusi imekwisha makali, kaskazi haijaingia, na bahari ya kutoka Wesha, bandari ya Pemba, imelala. Wengi hufuata matumbawe, au huulizia kaa wa nazi na mahali kasa wanapotaga. Mimi hupelekwa na ndege.

Kuanzia Agosti vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, na jamaa zao hushuka pwani zetu wakikimbia baridi. Wamo wanaotoka Siberia. Linalonigusa zaidi ni kwamba kwa baadhi yao wakubwa hutangulia, na makinda wa mwaka huu huu hufuata nyuma peke yao, kwa njia ambayo hawajapata kuiona. Hufika wamekonda, wana njaa.

Na chakula chao kinangoja maji yatoke. Yakipwa, wanadonoa minyoo na vikaa mchangani. Yakijaa, na siku za bamvua hujaa kwelikweli, hubaki kipande cha fungu la mchanga tu, nao husimama hapo kwa mguu mmoja, wamebanana. Hapo ndipo tunapowakosea. Nimewaona watu wazima wakimtuma mtoto awakimbilie ili wapate picha ya kundi linaloruka. Wakaruka, wakatua, akatumwa tena. Mara tatu! Nguvu aliyoitafuta ndege kutwa nzima ikaishia kwenye simu ya mtu.

Misali ni hifadhi tangu 1998, na ipo sehemu ya bahari yake isiyovuliwa kabisa. Ikiwa mvuvi mwenye watoto wa kulisha anaombwa awaache samaki, sisi wa matembezi ya siku moja tunashindwaje kusimama mbali kidogo? Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alipotaka msala wa kusalia, alikifanya kisiwa hiki kuwa msala wake, kwa kuwa kimekaa kuelekea kibla. Nasi tumelelewa kutompita mbele mtu aliye juu ya msala. Ndege waliosimama kwenye fungu nawaombea adabu hiyo hiyo.

Siku ile nahodha wetu ndiye aliyemwita yule mtoto. "Mwanangu, njoo ukae hapa na mimi." Wakakaa kivulini, kimya, mpaka maji yalipoanza kutoka. Ndege wakateremka mmoja mmoja kwenye mchanga uliolowa, wakaanza kula. Mtoto akawahesabu kwa kunong'ona, akapotea njiani, akaanza upya.