Mita 60 za Bagamoyo

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu na kuzivunja merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa zimetia nanga. Upande wa bara kikayabomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa na miaka minne. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Hidaya, wengi wa pwani waliulizana: kimbunga, kwetu? Swali lilikuwa na msingi, maana karibu na ikweta vimbunga havipati msukumo wa kuzunguka. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei kisha kikafifia, na boti za Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Tulipona. Ila 1872 inatukataza kusema haiwezekani.

Ndiyo maana ubishi wa ufukweni Bagamoyo, nani akae karibu na maji na nani arudi nyuma, una uzito. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wanaotaka kisimamiwe bila huruma wana hoja: dhoruba ikikutana na bamvua, yaani maji yakijaa kupita siku zote, bahari haimwulizi mtu hati ya kiwanja, na anayejenga pale leo kesho ataokolewa kwa fedha za wote.

Sasa shuka soko la samaki. Dau linashusha, dalali anapandisha bei, na hatua chache tu kutoka majini mama amechutama mbele ya karai la mafuta yanayochemka, kichwani ana kivuli cha makuti. Anakaanga samaki ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anarukaruka mchangani. Mrudishe nyuma mita 60 na umemwongezea kuli wa kumlipa, huku wateja wakiishia kwa wenzake waliobaki mbele. Halafu ana swali ambalo hakuna ofisa anayependa kuulizwa: je, hoteli nayo itarudi nyuma?

Mimi nalishika neno moja la sheria yenyewe: kudumu. Banda la miti na makuti linang'olewa asubuhi moja, likasimamishwa tena upepo ukitulia. Nyumba ya tofali yenye vitanda hailingani nalo, iwe ya mvuvi, iwe ya mwekezaji. Anayefanya kazi ufukweni mchana na kulala juu mjini ana hatari ndogo kuliko mgeni aliyelala na dirisha lake linatazama mawimbi. Forodha ya Mjerumani iliyo pale pwani tutaiacha. Ni urithi, na hakuna mtu anayelala ndani.

Kinachonitisha zaidi, tena hakitajwi sana, ni njia. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ilipimwa kwa wapagazi na punda. Karai likishika moto chini ya makuti siku ya kusi, gari la zimamoto lipite wapi? Hapo mipango miji ina kazi kubwa kuliko kuhesabu mita: uchochoro mmoja ukiachwa wazi, bila meza wala bodaboda zilizoegeshwa, unaokoa watu wa soko zima. Na mikoko ya kuelekea mdomo wa Ruvu, inayokatwa boriti na kupisha mashamba ya chumvi, inavunja wimbi bila mtu kununua mfuko hata mmoja wa saruji.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Mara nyingi viti vya namna hiyo hukaliwa na watendaji. Kimoja ningempa dalali wa mnada. Tahadhari inayokuja kwa redio nahodha huilinganisha na mawingu anayoyaona, pamoja na deni la petroli aliyokopa jana. Dalali anajua nani ana deni na mdai gani anaweza kumngoja. Akisema leo hakuna mnada, hakuna dau litakalosukumwa majini.