Niacheni na Viraka Vyangu

Hivi nchi hii mtu akishona kitu kwa mikono yake ni lazima akiuze?

Nauliza kwa sababu Jumamosi kwenye kikoba chetu hapa Mwanga, Kigoma, tulimaliza mambo ya hisa na marejesho mapema, chai ikaja, na maneno yakahamia kwenye mkoba wangu. Mkoba wa kawaida tu: kitenge cha bluu na njano, kitako cha jinzi iliyochoka magotini, bitana ya shuka la zamani, zipu juu. Mweka hazina wetu, dada ninayemheshimu sana kwa mahesabu, akaunyakua, akaugeuza ndani nje, akavuta mishikio kuona kama itang'oka, kisha akatoa simu akaanza kuzidisha. Mikoba kumi kwa wiki, kila mmoja elfu kumi na tano, mara wiki nne. "Laki sita, mwalimu! Laki sita kwa mwezi unazilalia!"

Basi ikawa semina. Huyu anataka nisajili kikundi tukaombe ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake. Huyu ameshapata jina la biashara. Yule anasema nifungue ukurasa Instagram, mikoba ipigwe picha kule Kibirizi jua likiwa linazama upande wa Kongo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka.

Sitaki.

Tuanze na hiyo mikoba kumi. Anayesema mikoba kumi kwa wiki, kwa mtu anayeshona usiku baada ya kazi, hajakaa kwenye cherehani tangu aachane na sayansikimu. Mkoba una nje, una ndani, na una kitu kigumu katikati cha kuufanya usimame. Mimi katikati naweka kiroba cha sukari kilichofuliwa kikakauka. Sasa kiroba ni plastiki: ukikipitishia pasi yenye moto wa pamba kinajikunja, kinayeyuka na kugandia kwenye kitenge, kwa hiyo kila mshono lazima upigwe pasi kabla kiroba hakijaingia. Kitako nacho kina adabu zake. Unaifinya pembe mpaka mshono wa ubavuni ulale juu ya mshono wa chini, unapima, unashona kukatiza pembe, na urefu wa mshono huo ndio unaokuwa upana wa kitako. Upande huu ukiwa inchi tano na ule inchi nne na nusu, mkoba utasimama kwa kuegemea ukuta. Halafu uje pale kwenye jinzi mishono inapokutana, safu juu ya safu: sindano namba 14 haina ubavu huo. Unaweka 16 au hata 18, unatoa mguu kwenye pedeli, unazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine.

Bitana unaiachia uwazi wa kupitisha kiganja. Mwisho kabisa unaingiza mkono kwenye uwazi ule, unaushika mkoba mzima kwa ndani na kuuvuta utoke. Unakuja umejikunjakunja, hauna sura, halafu unasukuma pembe kwa mpini wa kijiko, na ghafla kitenge kinatokeza upande wake mzuri, mishikio imekaa sawa, kitu kimekuwa mkoba. Mimi nashonea dakika hiyo. Mkoba wa kwanza wa mtindo fulani dakika hiyo ni tamu sana. Wa pili unajua utatokeaje. Wa arobaini ndani ya mwezi mmoja ni kibarua.

Na kibarua ninacho tayari. Nafundisha. Kuanzia asubuhi kuna watu wa kuniuliza nimefikia wapi: silabasi umefikia wapi, andalio la somo umefikia wapi, kusahihisha umefikia wapi. Sasa mnataka na saa mbili za usiku, vyombo vimeshaoshwa, niko na taa yangu na Butterfly yangu nyeusi ya miguu, aingie mtu WhatsApp: "Mwalimu oda yangu umefikia wapi???" Na rangi achague yeye. Na nusu ya hela ameshalipa, kwa hiyo hata kuugua ni lazima nimwombe ruhusa.

Halafu hebu niambieni kitu kimoja. Shemeji yangu hajakosa mechi ya Simba tangu nimfahamu. Analipa kiingilio kibanda umiza, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, anarudi nyumbani hajaingiza hata mia. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwambia, shemeji, una kipaji cha kushangilia, sajili kikundi. Wazee kule Ujiji wanacheza bao chini ya miembe kuanzia baada ya adhuhuri mpaka magharibi, na sote tunapita tukiwaamkia shikamooni kwa heshima, kwa sababu wazee wanapumzika. Vizuri, wapumzike. Ila mwanamke akishika sindano, fursa. Akipanda maua uani, fursa. Akimwokea mwanawe keki, "unauza shilingi ngapi?" Starehe ya mwanamke ni lazima iwe na risiti.

Tena ukikataa unaonekana una dharau, au hela zimekuzidi. Mshahara wangu wanaujua. Hazijanizidi.

Lakini mikoba ni jambo dogo. Kilichonichoma ni kwamba kabla hatujatawanyika mweka hazina aliulizia "lile blanketi". Watu wa mtaani wanajua ninashona shuka la viraka la kitanda cha tano kwa sita, na limechukua muda mrefu kiasi kwamba wanaliulizia hali kama mgonjwa aliyelazwa. Linaendeleaje? Linaendelea vizuri, asanteni. Uso wake umekamilika.

Viraka vyake vyote vimetoka kwenye sare. Mnatujua wenyewe: harusi ina sare, kicheni pati ina sare, arobaini ina sare, kikoba chenyewe kina sare, na kila sare inabakiza kipande pale fundi anapokata. Mafundi wengi mabaki hayo wanajazia mito, au yanafagiwa jioni pamoja na uzi. Mimi nadai yangu. Kwa hiyo mle ndani yumo mama mdogo alivyoolewa Kasulu, imo arobaini ya babu, yamo mahafali ya mdogo wangu, na imo harusi moja ya kifahari iliyotutoa hela kwa kitenge cha bei mbaya, ndoa yenyewe ikachuja kabla ya kitenge. Hicho nimekiweka upande wa miguuni.

Na wanaodhani kushona viraka ni kuokoteza vipande na kuviunganisha tu, nawakaribisha kwenye robo inchi, ile inayoliwa na mshono kwenye ukingo wa kila kiraka. Mstari wa viraka 12 una mishono 11. Mshono wako ukila sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi zaidi kwa kila upande, kitu ambacho jicho halikioni, mwisho wa mstari umepoteza karibu inchi moja na nusu, na mstari wa pili hauwezi kukutana na wa kwanza hata ukiuvuta kwa kamba. Ndiyo maana nimebandika plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindano ilipo, na ukingo wa kitambaa unatembea pale pale. Ndiyo maana pia kuna jioni ambazo kazi yote ni kupiga pasi, mishono ya mstari huu ilale kulia na ya mstari ule ilale kushoto, ili pembe zikikutana zishikane. Mgeni akija usiku wa namna hiyo anaona hakuna kilichoongezeka. Kimeongezeka sana.

"Hili ukilimaliza," mweka hazina akasema, "watalii wa Gombe wanalinunua hata laki tatu."

Pengine. Na hapo ndipo nilipomsimulia habari za Harriet Powers, ambaye nimemsoma na nimeshindwa kumsahau. Alizaliwa mtumwa huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Utumwa ulipokwisha alikuwa mkulima na mumewe, na akashona shuka lenye visa vya Biblia, picha zote za vitambaa vilivyokatwa na kushonewa juu: Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha. Mwaka 1886 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith akaliona, akalitaka, akamtafuta mwenyewe. Harriet akakataa kuliuza. Miaka michache baadaye maisha yakambana, akalileta mwenyewe, bei dola 10. Smith alikuwa na dola 5. Harriet akachukua hizo 5, akalitoa, akaeleza kisa baada ya kisa maana yake, mwenzake akaandika. Leo liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Ila kabla ya makumbusho, kuna hili: baada ya kuliuza, Harriet alikuwa akirudi kulitembelea.

Kulitembelea! Kitu ulichokikata mwenyewe, ukakishona mwenyewe, unajitanda, unatoka, unakwenda kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu mwingine ili akuruhusu ukitazame. Sijui ninyi, mimi hapo koo linakaza. Zile dola 5 zilikuwa za lazima, na mtu aliyebanwa namna ile simlaumu hata kidogo. Nami nikibanwa siapi. Lakini sijabanwa. Mtoto hajarudishwa shule kwa ada, hakuna mgonjwa anayesubiri dawa. Kwa nini basi nifanye kwa hiari, nikiwa nimeshiba, jambo ambalo yeye alilifanya kwa sababu hakuwa na njia?

Mweka hazina alisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kisha akauliza: "Na leo hilo shuka lingefika shilingi ngapi?"

Haya, nakiri, kwa shingo upande. Soko lipo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 hakuna anayekwenda sokoni bila mfuko, ingawa wengi wanakamata vile vifuko vyepesi vya bei chee na wala hawana haja na kitako cha jinzi. Cherehani imesomesha watoto wengi wa mji huu. Wapo mafundi wa Kikongo hapa sokoni ambao wanakata kitenge bila kuchora hata mstari mmoja wa chaki, na mimi hujikuta nimesimama kuwatazama mpaka nimesahau nilichotumwa. Nami nimewahi kumwuzia mwalimu mwenzangu mkoba, na hela yake ikanunua zipu ya mita na vichwa vyake, uzi, na sindano za jinzi. Lakini wale ni mafundi, wanaishi kwa kazi ile. Mimi nikiingia na mikoba yangu ya usiku, kwa bei ya kujifurahisha kwa vile mshahara unaingia, ninamharibia fundi soko. Hilo semina haikuligusa.

Kama mnawashwa kunishauri, nishaurini kuhusu vitenge vinavyochuja. Habari za kuloweka kwenye chumvi nimezisikia tangu utotoni na sijaona kitenge kilichookoka kwa njia hiyo. Rangi mbovu itatoka tu. Ninachofanya ni kukifua kabla ya kukikata, halafu nakilaza juu ya kitambaa cheupe kilicholowa na kupitisha pasi ya moto. Cheupe kikichafuka, kitenge hicho kinakwenda kuwa bitana ya mkoba. Kwenye shuka hakiingii, maana mgongo wa shuka langu ni mweupe, na siku ya kwanza ya kufua ndiyo itakayosema nani alikuwa na haraka.

Hatua iliyobaki ni kuunganisha safu tatu: uso, blanketi jembamba la mtumba katikati, na huo mgongo. Vyote vinatandikwa sakafuni, vinanyooshwa, vinapigwa bandi kuanzia katikati kwenda pembeni ili mkunjo usibaki ndani. Hilo nitalimudu sebuleni, makochi yakitolewa nje na watoto wakienda kwa bibi yao. Tatizo ni mishono ya kupita safu zote tatu, ambayo isipokuwepo blanketi la ndani litajikusanya kona moja. Shuka zima halipiti chini ya shingo ya cherehani mpaka liviringishwe, na likishaviringishwa linataka meza kubwa nyuma yake, vinginevyo uzito wake unaivuta sindano na kuipindisha.

Fundi mmoja sokoni ana meza ya kukatia inayotosha. Amekubali niisogezee cherehani yangu Jumapili mchana, siku ambayo hafungui. Nilipomwuliza nitampa nini alifikiri kidogo, akataja bei. Sikuomba punguzo. Yule anafanya biashara.